Nilivyojifunza kuuweka mji mbali kwenye bamba la shaba

Ukipata picha yoyote ya mji iliyochongwa na Wenceslaus Hollar, mchoraji wa karne ya 17 aliyechonga miji kwenye mabamba ya shaba yanayopakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi, yaache kwanza makanisa na makasri. Tazama nyuma kabisa, kwenye vilima vinavyogusana na mbingu. Mistari yake ni myembamba kuliko unywele, lakini haijakatika. Teremsha jicho polepole: mapaa ya nyumba, kisha maji, kisha mashua zilizo ukingoni, na mistari inazidi kunenepa na kukolea. Wino ni uleule, karatasi ni ileile. Huo umbali ndio nilioutaka.

Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi London, upande wa kusini wa mto. Kazi yangu ni kutunza wazee zamu ya usiku, na kuchora ni shughuli ya mchana ninapokosa usingizi. Hollar nilimfahamu kwa ujirani tu. Kanisa kuu la Southwark, ambalo zamani liliitwa St Mary Overie, ndilo ambalo mnara wake aliufanya pa kusimama alipouchora mji mzima wa London ng'ambo ya mto Thames. Picha hiyo ndefu ilichapishwa mwaka 1647. Ni mabamba sita yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, na ukiyaunganisha urefu unapita mita mbili.

Alizaliwa Prague mwaka 1607, akaenda Ujerumani akiwa kijana, akafanya kazi Frankfurt kwa Matthäus Merian, aliyekuwa bingwa wa kuchapisha picha za miji. Mwaka 1636 alikutana Cologne na Earl wa Arundel, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyekuwa safarini kama balozi, akachukuliwa kuchora kila mji waliopitia, hatimaye akafika London. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoichafua Uingereza, akahamia Antwerp mwaka 1644. Kwa hiyo ile picha ndefu ya London, mashuhuri kuliko zote, aliichonga akiwa ng'ambo ya bahari, kwa kutegemea michoro aliyoondoka nayo.

Jambo hilo linanigusa kwa sababu ya kwetu. Mombasa na Kilwa zimo kwenye juzuu ya kwanza ya mkusanyo wa picha za miji ya dunia wa Georg Braun na Frans Hogenberg, iliyotoka Cologne mwaka 1572. Ukiitazama ile Kilwa unaona majumba na minara ambayo ingeweza kuwa popote. Mchongaji hakuwahi kukanyaga huko, alifanyia kazi michoro na habari za watu wengine. Hollar naye alikuwa mbali na mji wake wakati anachonga, ila yeye aliwahi kuupanda ule mnara.

Kabla ya kugusa shaba nilikwenda kuziona kazi zake kwenye chumba cha picha za karatasi cha British Museum. Hulipi kitu: unaomba miadi mapema, unaacha kalamu za wino nje, unaingia na penseli. Nilitumia lenzi ya kukuza. Nilichotafuta ni ncha za mistari, maana hapo ndipo siri ilipo. Anayesukuma chombo kikali moja kwa moja ndani ya shaba hutoa mstari unaoanza mwembamba, unaotuna katikati na kuishia kwa ncha kali. Hollar kwa kawaida alifuata njia nyingine. Alifunika bamba kwa nta ngumu, akachora juu ya nta kwa sindano, kisha akaiachia asidi ile shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Mstari wa namna hiyo huishia butu. Na unene wake haumtegemei mchoraji amekandamiza sindano kiasi gani. Unategemea dakika.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kwa sababu mchoraji yeyote wa penseli amezoea kwamba mkono ndio unaoamua. Kwenye karakana ya jioni niliyojiunga nayo tulifundishwa njia nyepesi: unachora kila kitu, unatumbukiza bamba mara moja, unatoa. Picha inapatikana, lakini mnara wa mbali na kamba ya mashua iliyo mbele yako vina uzito mmoja. Nikamuuliza mwalimu. Akaniambia nitengeneze kwanza bamba la majaribio, nisichore kitu chochote cha maana juu yake.

Nilichukua kipande kidogo cha shaba, nikapiga tupa kingo zake zisije zikakata karatasi, nikakisugua mpaka kikang'aa na kuondoa mafuta yote. Nikapaka nta kwa rola juu ya jiko la umeme, kisha nikaifukiza kwa moshi wa mishumaa iwe nyeusi, ili sindano ikipita shaba ionekane vizuri. Nikachora safu tano za mistari iliyolala sambamba. Tunatumia kloridi ya chuma, dawa ileile ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kutengeneza bodi za saketi. Enzi ya Hollar waliunda yao kwa siki, chumvi na kutu ya shaba. Bamba nilikuwa nalining'iniza wima, maana likilala chali machicha yanajaa ndani ya mistari na dawa inashindwa kula. Baada ya dakika 2 nililitoa, nikaliosha, nikaikausha safu ya kwanza na kuifunika kwa vanishi ili dawa isiile tena. Likarudi. Dakika 4, nikafunika ya pili. Kisha 8, 16, na 32 kwa ile ya mwisho.

Lilipochapwa nilikuwa na ngazi ya weusi mkononi. Mistari ya dakika 2 ilikuwa karibu kupotea, kijivu hafifu. Ya dakika 32 ilikuwa minene, wino umejaa mpaka ukiipitishia kidole unausikia umeinuka juu ya karatasi. Kila moja nikaiandikia muda wake na hali ya hewa, kwa sababu dawa hii ina tabia zake: siku ya baridi inakula polepole, na ikishatumika sana inachoka.

Kile kipande kilinifunza na jambo jingine ambalo kwa macho matupu nisingeligundua. Mistari iliyobanana ikikaa muda mrefu kwenye dawa hulika pembeni, kuta baina yake zinabomoka, na unapata doa badala ya kivuli. Kwa hiyo vitu vya karibu lazima uvipigie mistari ya nafasi pana, na vya mbali ndivyo unavyoweza kuvibananisha. Niliporudi kwa Hollar nikaona ndivyo alivyofanya. Vivuli vya mashua zake vina nafasi. Vivuli vya nyumba za mbali vimesongamana kabisa.

Mahali nilipochagua kuchora ni ukingoni karibu na kanisa lile, maji yakiwa yamekupwa. Mbele kuna tope na minyororo, katikati London Bridge, na nyuma yake minara ya Tower Bridge. Mchoro niliufanya kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, nikaulowesha kidogo, nikaulaza kifudifudi juu ya nta na kuupitisha kwenye mashine. Penseli ikahamia kwenye nta, tayari imegeuzwa kushoto kuwa kulia, hivyo mji ukichapwa unarudi upande wake. Saa za dawa nikazipanga kinyumenyume: minara ya mbali ikafunikwa kwanza, daraja likafuata, na minyororo ikaachwa mpaka mwisho.

Lililobaki ni maandishi. Hollar huandika majina ya majengo ndani ya anga, na kwenye shaba kila herufi lazima iandikwe kinyume. Kwa hili nilikuwa na mtaalamu wangu: mjomba, ambaye alikuwa akichonga mihuri ya mpira kwa mkono Mombasa kabla kompyuta hazijamnyang'anya wateja. Aliniambia kwa simu nisijaribu kufikiria herufi kinyume. "Andika sawasawa kwenye karatasi ya kupitisha mwanga, igeuze, fuata unachokiona. Na weka kioo mbele yako. Ukianza kuzisoma, umeharibu." Hollar mwenyewe alipata mushkeli na majina, ingawa wa aina nyingine: kwenye picha ya 1647, jina la Globe, ukumbi wa michezo ya kuigiza, na lile la nyumba ambamo dubu walipambanishwa na mbwa yamebadilishana mahali. Kwa mtu aliyekuwa Antwerp, miaka mitatu baada ya kuondoka, namsamehe kabisa. Majengo yenyewe aliyaweka panapostahili, na waliojenga upya Globe iliyofunguliwa 1997 walitegemea sana mchoro wake wa penseli wa mtaa huo.

Inasimuliwa kwamba wachapishaji walimlipa peni nne kwa saa, na kwamba alikuwa na shisha ya mchanga ya kupimia saa mezani. Mtu akija kuzungumza naye, anailaza ili muda usihesabike. Kwa malipo hayo aliacha picha zaidi ya 2,500, akafa fukara mwaka 1677. Mimi nikipiga hesabu ya bamba langu moja kwa peni nne, naona heri zamu za usiku.

Chapa iliyoniridhisha ilipatikana nilipojifunza kufuta wino kwa shashi bila kuuchokoa kwenye mistari myembamba, yaani mkono ulale bapa na kupita juujuu tu. Minara ya nyuma ikatokea hafifu na nzima. Ilinikumbusha karatasi ya Hollar ya mwaka 1666, yenye London mbili, moja juu ya nyingine: ya juu kabla ya moto wa Septemba, ya chini baada ya nyumba 13,200 na makanisa 87 kuteketea. Pembe ni ileile, na mto ni uleule. Katika ile ya chini, mahali penye mapaa yaliyosongamana pamebaki kuta tupu zenye mistari michache.

Nilimtumia mjomba picha ya kazi yangu pamoja na ile ya 1647. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Herufi zimekaa. Lakini mwenzio daraja lake lina nyumba tele juu, lako mbona tupu?"

Nikamweleza kwamba nyumba zilianza kubomolewa mwaka 1758. Daraja lenyewe likaondolewa baada ya jingine kufunguliwa 1831. Hilo nalo likauzwa 1968 kwa Mmarekani mmoja, Robert McCulloch, kwa dola 2,460,000, likasafirishwa jiwe kwa jiwe hadi Arizona. Nililolichora mimi ni la 1973.

"Wazungu wameuza daraja?"

"Wameuza, mjomba."

"Basi chapa nyingi, kabla hawajauza na hilo."