Sista aliyeniuliza kwanza

Mwezi wa tano 2020, Ramadhani, kafyu saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na Kilifi yote imefungwa tangu tarehe 8 Aprili, hakuna kuingia wala kutoka. Mamangu yuko Kisauni, Mombasa, na mimi Malindi, huku Kilifi, yeye ndo angekuja kunilea arubaini yangu, sasa pale mpakani Mtwapa hapiti.

Uchungu ukanianza baada ya kufuturu. Wenye tuktuk walikuwa wanaogopa virungu vya polisi, jirani mmoja akajitolea, tukaenda taa ya ndani imewashwa ili askari waone tumbo. Getini mume wangu akaambiwa arudi nyumbani, hakuna kumsindikiza mzazi ndani, ni mambo ya korona.

Hapo ndo nikaanza kutetemeka na si korona niliyokuwa naogopa. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hospitali nyengine, siitaji jina, nikapigwa makofi ya mapaja nikatukanwa, watu watatu tofauti wakanipima njia hakuna hata mmoja aliyebisha hodi. Toka siku hiyo nikisikia harufu ya jiki moyo unanienda mbio.

Akaja sista, mtu mzima, gauni, glavu, maski, plastiki ya uso, naona macho tu. Akarudi nyuma mpaka dirishani akashusha maski kidogo, "Mwanangu, ndo mimi huyu, nione," kisha akaivaa tena. Jina lake kaliandika kwa kalamu nene kwenye plasta, kabandika kifuani. Akavuta stuli akaketi, akaniuliza, "Ule uzazi wa kwanza walikufanyia vizuri?"

Jamani, miaka yote ile hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo, kliniki wanauliza kilo za mtoto basi. Nililia sana. Hakuniambia nyamaza, hakuniambia shukuru Mungu mtoto yuko hai, alingoja tu.

Halafu, "Nataka kupima njia, waniruhusu? Ukisema basi, natoa mkono." Nikakubali, na katikati nikasema basi, kusudi, nijue kama ni kweli. Akatoa mkono papo hapo. Hakuvuta hata pumzi ya kuudhika. Tukakaa kidogo, mwenyewe nikamwambia haya sista, pima sasa.

Simu akaniachia kwenye mto, spika imefunguliwa, mamangu anasoma dua toka Kisauni. Baadae nikaja kujua Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hata wakati wa korona mzazi awe na mtu wake anayemtaka leba, na mpaka leo inaniuma kuwa mtu wetu ndo alikuwa wa kwanza kuzuiwa getini. Sista alifanya alichoweza. Daku alikula wima mlangoni, tende na maji, gauni limelowa jasho, macho yako kwangu.

Asubuhi wakabadilishana zamu, roho ikaniruka. Yule mpya akaingia akasema, "Nimeambiwa hupendi kupimwa ukiwa chali. Kaa utakavyo." Kumbe sista kaandika kwenye faili! Nilizaa kabla ya adhuhuri, nimepiga magoti, mtoto akawekwa kifuani kwangu hata kufutwa bado.

Mdogo wangu aliposhika mimba 2022 nilimwambia amueleze nesi mapema kinachomtia hofu. Akaona haya, basi nikaenda nae kliniki nikamsemea mimi.