Crown Athlete yangu na mgongo wa Mama

Mama yangu si mtu wa kulalamika. Ndiyo maana siku alipokishika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, hata tuta hatujalifikia, moyo wangu ulishtuka. Tulikuwa tunatoka kwake Kibaha kwenda Dar kumwona daktari wa mgongo. Tulipolivuka tuta akashusha pumzi, akaniambia taratibu, "Mwanangu, gari lako zuri, ila linanipiga." Safari yote iliyobaki niliendesha kwa mwendo wa baiskeli, machozi yakinilenga.

Gari lenyewe ni Toyota Crown Athlete ya mwaka 2009, injini ya lita 2.5, mtumba wa Japani. Wanaozijua Crown wanajua kuwa kizazi kile kina ndugu wawili wenye bodi moja: Royal Saloon, iliyotulizwa kwa ajili ya anayekaa kiti cha nyuma, na Athlete, iliyokazwa kwa ajili ya anayeshika usukani. Mimi nilinunua ya usukani, na naipenda kweli. Kona ukiikata, inakatika pale pale unapotaka. Lakini abiria wangu wa thamani kuliko wote ana miaka 72 na pingili za mgongo zilizosagika. Ilibidi gari limfuate yeye.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: "Dada, weka spesa." Fundi wa kwanza alikuwa tayari na spana mkononi. Nikamwomba anisubiri, nikaenda kukaa na kulifikiria. Spesa ni kipande kinachowekwa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Gari linapanda, ndiyo, halikwangui tena matuta. Lakini springi ni ile ile na shokapu ni ile ile, kwa hiyo kipigo kinachofika mgongoni kinabaki kile kile. Na ile mipira ya kupachika katikati ya springi, inayouzwa kwa jina la kulainisha gari, inafanya kinyume kabisa: inazizuia baadhi ya pete za springi zisifanye kazi, na springi yenye pete chache zinazofanya kazi ni ngumu zaidi. Tafadhali usiiweke kwa ajili ya mgonjwa.

Nikaanza na kitu cha bure, upepo. Nilinunua geji ndogo, nikapima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi zote nne zilikuwa na PSI 44 (PSI ni kipimo cha upepo)! Jamaa wa kujaza upepo walikuwa wamezikaza kama mpira wa miguu, na mimi mwaka mzima sikuwahi kuuliza. Kiwango sahihi kipo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, ukigawanya kwa 6.9 unapata PSI. Yaani 230 ni kama 33. Nikashusha hadi kiwango cha kibandiko. Siku hiyo hiyo ile mitetemo midogo ya lami iliyokwanguka ilipungua. Usishuke chini ya kiwango hicho ukidhani utapata ulaini zaidi. Tairi lenye upepo mdogo linapata joto na linaweza kupasuka njiani, na likiingia kwenye shimo, rimu ndiyo inayoumia.

Hatua ya pili ilikuwa tairi zenyewe. Athlete yangu ilikuja na 225/45R18. Ukizisoma namba hizo (upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18), ukuta wa tairi, yaani ile sehemu ya mpira kati ya rimu na lami, una urefu wa milimita 101 tu. Royal Saloon inavaa 215/60R16, ambayo ukuta wake ni milimita 129. Karibu sentimita tatu za mpira na hewa zinaongezeka kati ya shimo na mgongo wa Mama, na kimo cha tairi zima hakibadiliki hata milimita tano, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Nilizunguka Ilala siku mbili mpaka nikapata rimu nne za Royal ambazo hazijapinda. Nilimwomba muuzaji kila moja aizungushe kwenye mashine huku nikiangalia ukingo wake. Tairi nilinunua mpya. Kama yako ni ile ya lita 3.5, breki zake za mbele ni kubwa, jaribisha rimu kwanza kabla hujatoa hela.

Hapo nilidhani nimemaliza. Mbele palitulia, lakini nyuma, kila tukivuka tuta, kulikuwa na kishindo kimoja kizito, "dum!", kama mtu amepiga mlango kwa kiganja.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza gari ni la mwaka gani. Alilaza boksi chini, akaingia chini ya gari likiwa limesimama kwa tairi zake, akaniita na mimi niiname. Kwenye fimbo ya shokapu, juu, kuna kimpira cha kuzuia chuma kisigongane na chuma gari likizama sana. Kati ya kimpira hicho na mwili wa shokapu inatakiwa kuwe na nafasi. Mzee alijaribu kuchomeka kidole, hakikuingia. "Mama yako anakalia hiki," akasema. Halafu akanionyesha springi: fupi, nyekundu, rangi yake bado inang'aa chini ya vumbi. Toyota haikuiweka ile. Mwenye gari wa kwanza, huko Japani, alilishusha gari lake lipendeze, na miaka yote hiyo nyuma ilikuwa inatua kwenye kimpira kila ilipokutana na tuta. Nilikuwa nimeliendesha zaidi ya mwaka mzima bila kuchungulia chini hata mara moja.

Tukatafuta springi za Royal za mtumba, kwa sababu springi ya kiwandani haichoki haraka kama haijapata kutu wala kukatika. Shokapu nilikataa mtumba. Ile inachoka ndani, kwa macho huioni. Nikanunua mpya za Royal, zote nne, pamoja na vile vimpira na mipira ya kukalia juu. Zingatia mambo mawili kabla ya kununua: kama shokapu zako zina waya unaoingia kwa juu, hizo zinaongozwa kwa umeme na ukiziondoa taa ya onyo itawaka, na kama Crown yako inavuta miguu yote minne, mbele kwake ni tofauti, spea za inayovuta nyuma haziingii.

Siku ya kufunga nilijifunza kitu ambacho ningependa kila fundi akijue. Alipomaliza kupachika, mzee hakukaza zile bolti za mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha tairi na bodi. Alizishika tu kidogo, akashusha gari, akalipandisha kwenye mbao nne likiwa limekalia tairi zake, akaniambia niingie nikae kiti cha dereva. Ndipo akaingia chini kukaza. Nikamuuliza sababu. Akachukua bushi ya zamani, akaipachika kidole gumba kwenye tundu la katikati, akaizungusha: mpira ukajikunja, ukatoa nyufa. Bushi ni mpira ulioshikana na kibomba cha chuma, inakaa mwisho wa mkono, na bolti inapita ndani ya kibomba hicho. Ukikaza bolti gari likiwa linaning'inia, kibomba kinashikwa katika mkao ule, na gari likishushwa mpira unakaa umejipinda muda wote. Unasukumana na springi, gari linakuwa gumu, na baada ya muda mfupi unachanika. Halafu mwenye gari anaambiwa spea ni feki.

Baada ya hapo alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, basi.

Nimepoteza kitu, siwezi kuficha. Kwenye kona gari linalala kidogo upande, na usukani haujibu haraka kama zamani. Rimu za 18 nimezifunga kwenye turubai, zipo stoo.

Jumamosi iliyopita nilimfuata Mama. Ile barabara ya vumbi ya kutoka kwake, yenye makorongo madogo madogo, nilipita nikimtazama pembeni. Mikono ilikuwa mapajani, ameshika chupa ya chai ya tangawizi. Tulipofika Kibamba aliifungua, akamimina kwenye kifuniko, akanywa huku tunatembea.