Sema kwanza, gusa baadaye

Jumamosi, jioni.

Vishikwambi vyetu vilianza kwa kuhesabu watu. Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, serikali ikaona vifaa vile visilale stoo, wapewe walimu. Nilipopata changu, wenzangu ofisini walikuwa wameshajua kazi zake: kujaza takwimu, kusoma waraka, kuandaa azimio la kazi na, tusidanganyane, WhatsApp. Cha kumpa mtoto akishike hakikuwepo kwenye orodha ya mtu.

Mimi nafundisha darasa la kwanza huku Muheza. Watoto 76, chumba kimoja, kishikwambi kimoja. Nayaandika haya kwa sababu kila nikisimulia nafanya nini na hicho kimoja, naulizwa swali lilelile: "Programu gani nzuri?" Swali si baya, ila naona limewahi mno.

Sisi wa Tanga hatuwezi kuzungumzia jambo hili bila mtu kutukumbusha mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za kumwezesha mtoto ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwishoni mwa 2017 watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 hivi vya mkoa huu, wenye umri wa miaka 7 hadi 11, walianza kupewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kwa Kiswahili. Kila mtoto na chake, chaji ya umeme wa jua, mwalimu hakuna. Wengi wao hawakuwahi kusoma shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Sharti mojawapo lilikuwa timu zilizofika fainali ziachie programu zao wazi, yeyote azichukue bure, na hilo nalipongeza kuliko zawadi yenyewe.

Ila soma tena mpangilio ule: mtoto mmoja, kifaa kimoja, mwalimu hakuna. Programu karibu zote ninazozijaribu zimejengwa juu ya picha hiyo. Zinamsalimia mtoto mmoja, zinahesabu nyota za mtoto mmoja, zinamngoja huyohuyo. Darasani kwangu mambo yamepinduka: mwalimu yupo, kifaa ni kimoja, watoto ni 76. Nikiiacha programu ifanye kazi kama ilivyokusudiwa, mmoja anajifunza na 75 wanatazama kisogo chake.

Kwa hiyo nagawa makundi ya watoto sita sita. Kundi moja linakaa nami karibu na dirisha, upande usiopigwa na jua, maana jua likipiga kile kioo huoni kitu zaidi ya uso wako. Waliobaki wana kazi ya daftari. Sauti inatoka kwenye spika ndogo. Skrini naifunga kwenye programu moja, kuna sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio, kwani kabla sijaijua nilikuwa nikifika nyumbani nakuta picha za matundu ya pua.

Wiki za mwanzo nilikuwa nakaa pembeni natazama vidole. Kuna mtoto mmoja, mwepesi kweli, alikuwa anamaliza hatua nyingi kuliko wenzake wote. Programu inatamka "mba", chini kuna visanduku vinne: ba, mba, ma, mbe. Yeye anagusa cha kwanza, kinatikisika, cha pili, nyota zinamwagika, sauti inasema "Vizuri sana!" Anasonga. Neno linalofuata, hivyohivyo, tap tap tap hadi nyota. Siku moja nikamwandikia "mba" ubaoni kwa chaki nikamuuliza ni nini. Akanitazama, akautazama ubao, akaniuliza, "Ile ya juu kulia?"

Sikumlaumu hata kidogo. Alikuwa amesoma kilichokuwa kinalipa. Mashine inajua kidole kimegusa wapi, haijui mdomo umesema nini. Kwa mtoto aliye peke yake kijijini sina jibu, labda baada ya kugusagusa sana sauti na herufi zinashikana zenyewe, na ile nusu iliyofaulu ni ushahidi kwamba inawezekana. Lakini mimi nina kitu ambacho vijiji vile havikupewa. Nina watoto wengine watano waliobanana kwenye benchi moja, wanaowashwa kutoa jibu.

Ndipo ikazaliwa sheria yetu: sema kwanza, gusa baadaye. Anayeshika kishikwambi hasemi. Watano wanasikiliza, wanatamka, wanabishana kama ni "mba" au "mbe", wakishakubaliana wanamwonyesha kisanduku, ndipo naye anagusa. Kisanduku kikitikisika, ni kosa la kundi zima na hakuna wa kuchekwa. Baada ya maneno matatu kifaa kinahamia kwa jirani. Kidole kinakwenda taratibu zaidi, hatua zinazokamilishwa ni chache, na kama kuna mkaguzi atakayekuja kuhesabu nyota, nyota zetu zitakuwa za aibu. Ila sasa nikiandika "mba" ubaoni, midomo inafunguka kabla sijageuka.

Kuandika ndiko ambako bado kishikwambi hakinishawishi. Zipo programu za kufuatisha nukta kwa kidole hadi herufi ipatikane, na watoto wanazipenda mno. Nimeangalia mtoto akiichora "b" nzuri kabisa kwenye kioo, akianzia chini kwenda juu, na programu ikamshangilia, maana nukta zote zimefunikwa. Akishika penseli anaanzia palepale chini, mstari unapinda, tumbo la herufi linaangukia upande wa pili, tunapata "d". Tena kioo hakina ukinzani. Karatasi inamvuta mkono, penseli inavunjika ncha, kidole gumba hakijui kikae wapi. Hayo ndiyo mafunzo ya kuandika na hayapatikani kwa kupangusa. Katika zile K tatu, kusoma na kuhesabu nakipa kishikwambi nafasi. Kuandika, hapana, tunarudi kwenye penseli na mchanga wa pale nje.

Kishikwambi kinanizidi uvumilivu, nakiri. Kipindi cha nne, joto la Februari, kurudia "nya, nye, nyi" kwa mara ya thelathini bila sauti yangu kubadilika siwezi. Kile kinaweza. Watoto wengine hapa, nyumbani kwao wanazungumza Kibondei au Kisambaa, na ile sauti ya spika wameifanya mwalimu wao wa matamshi. Juzi uwanjani mmoja kakosa penalti, mwenzake akamwambia kwa lafudhi ileile ya mashine, "Jaribu tena!" Yule aliyekosa alitaka kupigana.

Gharama hazisemwi sana kwenye semina. Bando ni langu. Napakua vitu usiku nyumbani ili darasani nisihitaji mtandao, na programu isiyofanya kazi bila intaneti sina haja nayo hata ikisifiwa vipi. Chaji haifiki mchana kama mwanga wa skrini umepandishwa. Vumbi la chaki linaingia kila tundu. Na kifaa kipo kwa saini yangu: kikidondoka, ni mimi. Sishangai walimu wengi wanakifungia kabatini.

Jana baada ya kikao cha wazazi bibi mmoja alinisubiri mlangoni. Mjukuu wake ndiye yule wa nyota nyingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnawafundisha kwa simu kubwa. Mama yake kaniachia simu ya tachi. Nimwekee nini huyu?"

Nikamwekea African Storybook palepale, hadithi fupi za Kiswahili, za bure, nikampakulia kadhaa ili zisomeke bila bando. Nikamwambia asimwachie aende nayo uvunguni. Akae naye, mtoto asome kwa sauti.

"Na mimi sijui kusoma, mwalimu."

"Ndiyo vizuri, bibi. Itabidi akusomee kweli."

"Akinitungia uongo wake nitajuaje?"

Nilikuwa bado natafuta jibu, yeye akalipata mwenyewe. "Nitamwambia arudie kesho yake," akasema akiifunga simu kwenye ncha ya kanga. "Ikiwa hadithi nyingine, nimemkamata."