Kura yangu ya Novemba 2024 hapa California: watu rahisi, sheria ndo mtihani

Kila mtu ananiuliza nampa nani urais. Kiukweli hilo swali kwa sisi wa California halina uzito kabisa, jimbo lina kura 54 za wajumbe wanaochagua rais na tangu 1992 linawapa chama cha Democrats tu, kwa hiyo nimempigia Kamala Harris ila hata ningelala matokeo ya huku mngeyajua. Seneti nayo fasta: Adam Schiff dhidi ya Steve Garvey, yule mcheza baseball wa zamani wa Dodgers. Utawakuta mara mbili kwenye karatasi, usidhani wamekosea kuchapa, moja ni ya muhula mzima wa miaka 6 na nyingine ni ya kumalizia wiki chache zilizobaki kwenye muhula wa marehemu seneta Dianne Feinstein. Nimempa Schiff zote mbili, tuendelee.

Kazi iko kwenye yale mapendekezo 10 ya sheria, hapo ndo unageuzwa mbunge bila mshahara. Na mimi nina kanuni moja: sheria ambayo wananchi wenyewe wameileta kwa kukusanya saini ikapita kwenye kura, Bunge la jimbo kule Sacramento haliwezi kuigusa mpaka lirudi kwetu tena, labda sheria yenyewe iwe imeruhusu. Yaani ikipita na kasoro zake mnakaa nazo. Kwa hiyo nikisita, naandika hapana.

Kwa kanuni hiyo Pendekezo la 35 limeanguka, pamoja na kwamba linasaidia Medi-Cal (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo), kwa sababu linaifanya kodi inayotozwa mipango ya bima ya afya iwe ya kudumu halafu linapanga kabisa hela ziende wapi miaka na miaka. La 36 pia hapana. Najua wengi mnalipenda, maduka kufungia mpaka sabuni kwenye makabati kunachosha, na tangu lile Pendekezo la 47 la 2014 wizi wa chini ya dola 950 umekuwa kosa dogo. Sasa la 36 linasema ukishatiwa hatiani kwa wizi mara mbili, ya tatu ni kosa kubwa, na mtu wa dawa za kulevya achague matibabu au jela. Sawa, hayo matibabu yanalipiwa na nani? Nimesoma kile kijitabu cha maelezo kwa wapiga kura mpaka mwisho, hakuna hela mpya iliyotengwa. Na Bunge mwaka huu huu limeshapitisha sheria kibao za wizi wa madukani, tungezipa nafasi kwanza.

La 33 ndo limeninyima raha. Kuna sheria ya 1995 inaitwa Costa-Hawkins inayozuia miji kuweka kikomo cha kodi ya pango kwenye nyumba za kujitegemea na majengo mapya, na mpangaji akihama mwenye nyumba anaanza na bei anayotaka. La 33 linaifuta. Watu walishakataa kitu cha namna hii 2018 na 2020. Kanuni yangu inasema hapana, maana limeandikwa kwamba jimbo halitaweza kuzuia miji kabisa, na kuna miji isiyotaka nyumba mpya inaweza kuweka kikomo cha ajabu ili wajenzi wakimbie. Lakini mimi ni mpangaji wa nyumba ya kujitegemea. Barua ya kupandisha kodi ikija, hata ile sheria ya 2019 yenye kikomo cha asilimia 10 hainilindi kwa sababu mwenye nyumba ni mtu binafsi, kinachotakiwa ni anipe notisi ya siku 90 kama amezidisha hiyo 10, basi. Nimeandika ndio. Nitukaneni.

Halafu cheki la 34, hili ni vituko. Linajiita la kulinda wagonjwa, ila masharti yake (shirika la afya lililotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mambo yasiyo ya kuwahudumia wagonjwa, na hapo hapo liwe na majengo ya kupangisha yenye makosa mazito zaidi ya 500 ya ukiukaji wa kanuni) yanalilenga AIDS Healthcare Foundation, shirika la huduma za UKIMWI, ndo hao hao wanaofadhili la 33. Na aliyelileta ni chama cha wenye majengo ya kupangisha. Huu ni ugomvi wa watu wawili tumeitwa kuwa marefa, hapana.

La 6, la kukataza wafungwa kulazimishwa kazi, ndio, tena haraka. Katiba ya jimbo mpaka leo inaruhusu mtu alazimishwe kazi kama ni adhabu ya kosa, na wafungwa wengi wanalipwa chini ya dola moja kwa saa. Kwenye kijitabu ile sehemu ya wapinzani iko tupu, hakuna hata mmoja aliyejitokeza kuandika.

Mengine: la 2 na la 4, hati fungani (jimbo linakopa) za dola bilioni 10 kila moja, shule ndio, mabadiliko ya tabianchi ndio japo tutalipa miaka 40. La 3 la kulinda ndoa za jinsia moja kwenye katiba ya jimbo ndio. La 5 ndio, shule zinapitisha hati fungani zao kwa asilimia 55 ya kura tangu 2000, sijui kwa nini nyumba za bei nafuu zidaiwe theluthi mbili. La 32 la kima cha chini cha mshahara kuwa dola 18 kwa saa, ndio.

Kwa mnaopiga kwa posta: saini ya kwenye bahasha inalinganishwa na ile waliyonayo kwenye usajili, msiweke ile ya haraka haraka ya kwenye risiti. Muhuri wa posta usipite Novemba 5, 2024.