Mkwaju wa nyuma ya maktaba

Muhula wa mwisho wa mwaka wa pili usingizi ulinihama. Naweka kichwa mtoni saa nne, saa nane usiku bado macho makavu, moyo unakwenda mbio. Nikifungua daftari, mistari inaruka. Chumba nilichopanga hapa Malindi kina dirisha moja tu, nalo linatazama ukuta wa jirani. Msimu wa kaskazi, joto lake halisemeki.

Nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Aliniacha nilie mpaka nikanyamaza mwenyewe, kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho umekaa chini ya mti lini?" Sikuwa na jibu. Akanambia nijaribu dakika 20 kila siku, simu ibaki mkobani.

Nilichagua mkwaju ulio nyuma ya maktaba. Siku tatu za mwanzo mkono ulikuwa ukiitafuta simu wenyewe. Siku ya nne ndipo nikaona. Kila upepo ukivuma, vijani vyake vidogo vinanimwagikia begani kama pumba za mpunga. Sisimizi wanaburuta kipande cha ganda la ukwaju, wanakipandisha kwenye mzizi, kinaanguka, wanakirudia. Niliwatazama mpaka adhana ya alasiri. Nilipoinuka nikatambua kwamba mtihani haukunipitia akilini hata mara moja.

Nikaingia maktaba kutafuta sababu. Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wanaeleza kuwa umakini wa kujilazimisha huchoka, na vitu vinavyovuta jicho polepole, kama majani au mawingu, huupumzisha. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo huko Pennsylvania: ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ukuta! Nikakumbuka chumba changu.

Usingizi ulirudi taratibu, na kwa mshauri sikuacha kwenda; mti haukuchukua nafasi yake. Lakini sasa naumia kweli nikisikia chuo kimekata miti kupata maegesho ya magari.

Mama anayefagia pale tumeshazoeana. Nikikosa siku moja, kesho yake hata shikamoo yangu haijamalizika: "Marahaba mwanangu, jana ulikuwa wapi?" Na upande ninaokaa haufagii mpaka niondoke.