Namba tasa iliyokataliwa na kompyuta

Ilikuwa mwaka 2011, miezi ya mgao wa umeme, kwenye chumba cha tuisheni Sinza, Dar es Salaam. Laptop moja, betri imechoka, na programu fupi ya kupima kama namba n ni tasa, imeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta: gawa n kwa i, yaani 2, 3, 4 na kuendelea, maadamu i*i <= n; baki ikiwa sifuri, n si tasa. Kila namba tuliyoipa iliiamua vizuri. Kijana mmoja akaingiza 2147483647. Feni ya laptop ikanguruma, kimya kikawa kirefu, kisha jibu: si tasa.

"Sasa mwalimu, Euler alikosea?" Nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba 2³¹ − 1, yaani hiyo 2147483647, ni tasa na kwamba mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772.

Nikamwambia aichapishe namba iliyogawa. Ikatoka 2147483647 yenyewe!

Kipeuo cha pili cha n ni 46340 na ushee, na hadi hapo hakuna kilichogawa. Programu ilipaswa kusimama kwenye 46341, ambayo kipeo chake cha pili ni 2147488281. Lakini int, aina ya namba kamili tuliyotumia kwenye Java, ina biti 32, na kikomo chake cha juu ni hiyo hiyo 2147483647. Ukivuka unaangukia upande wa hasi: −2147479015. Hasi ni ndogo kuliko n, basi kitanzi, yaani kule kurudia kugawa, kikaendelea mpaka i ikawa n. Chini ya 2147395600, yaani 46340 × 46340, kosa halijitokezi kabisa, ndiyo maana majaribio yetu yote yalipita.

Dawa ni kubadilisha sharti la kitanzi liwe i <= n / i. Kijana alikimbilia kubadilisha n iwe long, aina ya namba yenye biti 64, akaacha i ni int. Haisaidii: i*i bado inakokotolewa ndani ya biti 32. Kabla hajarekebisha, betri ikakata.

Tukahamia ubaoni, kwa tochi ya simu. Kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1, tukiite q, lazima 31 igawe q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q ni 62k + 1. Tena q ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo, zinabaki namba za umbo la 248k + 1 na 248k + 63 tu. Chini ya 46341 ziko 373, na nyingi unazitupa kwa macho: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 745 inaishia na 5. Utamu wa hesabu hii uko hapo, kuliko kwenye kugawa kwenyewe.

Tasa ya kwanza ni 311: baki 35. Kisha 1303: baki 226. Kisha 1489: baki 199. Mbu walikuwa wengi, chaki ikaisha.

Umeme uliporudi tukabadilisha lile sharti moja. Jibu lilitoka kabla kijana hajainua kidole.