Pampu ya jua: ninavyopunguza hatari kabla ya kununua paneli

Katika mradi wa pampu ya jua, cha kwanza ninachopima ni kisima. Paneli huja mwisho. Kisima kisukumwe maji saa 24 mfululizo huku kina cha maji kikiandikwa, maana maji yaliyotulia hudanganya. Pampu ikiwaka yanashuka, na kina hicho cha chini ndicho ninachokipigia hesabu.

Tuseme mahitaji ni lita 20,000 kwa siku. Maji yako mita 38 chini, tangi mita 8 juu, msuguano wa mabomba unakula mita 4: jumla mita 50. Kuinua lita 1,000 kwa mita moja kunataka takriban Wh (saa-wati) 2.7, kwa hiyo hapa, lita 1,000 mara 20 kwa mita 50, ni kWh (Wh elfu) 2.7. Pampu na mota zikiwa na ufanisi wa asilimia 45, inafika kWh 6. Nagawanya kwa jua la mwezi mbaya kuliko yote, mfano saa 4.5 za jua kamili, yaani mionzi ya siku nzima ikihesabiwa kama saa za wati 1,000 kwa mita ya mraba (wastani wa mwaka siutumii kabisa), kisha naacha robo ipotelee kwenye joto, vumbi na waya. Napata kW 1.8, yaani paneli nne za wati 450.

Betri siweki. Betri ya risasi ikizoea kushushwa chini ya nusu huchakaa mapema, na ikifa pampu nayo inasimama. Nahifadhi maji: tangi la siku tatu, lita 60,000. Lakini kisima kikitoa lita 1,500 tu kwa saa, kazi hiyo inataka zaidi ya saa 13. Kuongeza paneli hapo ni kutupa pesa. Nakubali jenereta ya kusaidia baada ya jua kuzama.

Vifaa huungua zaidi kwa sababu ya volti. Paneli nne za volti 50 bila mzigo, zikiungwa mfululizo, hutoa volti 200. Baridi huongeza volti: asubuhi ya nyuzi 5 za Selsiasi zinapanda hadi karibu 212, na kidhibiti cha pampu chenye kikomo cha 200 kinaungua. Breka (swichi ya kukata umeme) ya AC, umeme wa kubadilika mwelekeo kama wa gridi, nayo isiwekwe upande wa DC, umeme wa mwelekeo mmoja wa paneli: mkondo wa DC haupiti sifuri, hivyo cheche haikatiki na breka inaweza kuwaka moto. Kihisi cha kisima kukauka ni lazima.

Fedha za mwisho za fundi nazishikilia mpaka mita ya maji na kipima mionzi ya jua, vikisomwa kwa pamoja, vikaribiane na hesabu.